Shajara ya Kutafuta Gari la Familia Lililotumika

Jumamosi, mwanzoni mwa Januari 2026

Mume wangu ameamua kwamba mwaka huu familia itapata gari, na ameniomba nimsaidie kulichagua kwa sababu kazi yangu ya karatasi za forodha imenizoesha kusoma hati za magari hata kabla hayajatoka bandarini. Tumepatana kwamba yeye ndiye atakayeliendesha kila siku, hivyo uamuzi wa mwisho utakuwa wake, na kazi yangu ni kuuliza, kukagua, kuandika na kumwekea ushahidi mbele yake. Nimefungua shajara hii ili ushahidi huo usipotee katika mazungumzo, maana wauzaji ni wengi, maneno yao ni matamu, na mtu akishayaona magari kadhaa kwa siku moja huanza kuyachanganya.

Leo sikutaka tuanze na jina la gari. Yeye alikuja na jina tayari, Toyota Wish, kwa kuwa walimu wenzake kadhaa wanayo na wanayasifu. Nilimwomba tuandike kwanza nani watapanda na watakwenda wapi. Sisi ni watu sita: sisi wawili, watoto watatu, na mavyaa, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kupanda matatu wala kujikunja ndani ya tuktuk anapokwenda kliniki. Tunakaa Kisauni na mume wangu anafundisha Likoni, kwa hiyo njia ya kila siku ni Daraja la Nyali, katikati ya kisiwa, kisha foleni ya feri, na jioni hivyo hivyo kurudi. Mara kwa mara tunakwenda Msambweni kwao tukiwa na mizigo, na wakati mwingine Kilifi. Hii maana yake ni gari la viti saba, linalostahimili kusimama kwenye foleni chini ya jua, lenye kiyoyozi kinachofanya kazi kweli, na ambalo mama mtu mzima anaweza kuingia bila kuinuliwa.

Fedha tuliyo nayo ni akiba yetu ya pamoja, shilingi milioni moja na nusu. Nimesisitiza, naye amekubali, kwamba laki mbili kati ya hizo zisiguswe wakati wa kununua, kwa sababu gari lililotumika huwa na madai yake ya mwanzo: bima, uhamisho wa umiliki, matairi, mafuta ya injini na ya giaboksi. Amependekeza pia tumalize kabla ya Ramadhani. Ninaelewa sababu yake, lakini nimeandika hapa kwamba tarehe hiyo ni matumaini tu, kwani mnunuzi mwenye haraka hujulikana na muuzaji tangu anapoingia yadini.

Jumatano, baada ya isha

Swali la leo lilikuwa kama tuagize gari kutoka Japani ama tununue lililokwisha kutumika hapa nchini. Kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nilimfanyia hesabu kwenye karatasi badala ya kumweleza kwa mdomo.

Kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, hakiruhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo mwaka huu wa 2026 gari la kuagiza lazima liwe limesajiliwa mwaka 2019 au baadaye. Toyota iliacha kuunda Wish mwaka 2017. Hivyo hakuna Wish inayoweza kuingia nchini kihalali sasa, na kila moja tutakayoiona, hata ikiwa imesafishwa mpaka inang'aa, ni gari ambalo limekwisha kuishi Kenya kwa muda fulani. Jambo hili lilimgusa mume wangu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu muuzaji mmoja alikuwa amemwambia kwa simu kwamba Wish yake imeshuka melini juzi.

Kisha kodi. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 1500 na asilimia 25 kwa injini ya petroli iliyo kubwa kidogo kuliko hiyo, halafu VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16, na kila kodi hutozwa juu ya jumla ambayo tayari imebeba kodi iliyoitangulia. Tukichukua gari la injini ya 1500 ambalo thamani yake ya forodha ni shilingi 500,000, ushuru wa forodha ni 175,000 na jumla inakuwa 675,000. Ushuru wa bidhaa ni 135,000 na jumla inafika 810,000. VAT ni 129,600, na tunaishia shilingi 939,600, ambapo kodi peke yake ni 439,600, kabla ya ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli. Tena thamani hiyo ya forodha haitokani na bei tuliyolipa Japani, bali hutokana na orodha ya bei ya Mamlaka ya Mapato, KRA, ikipunguzwa kulingana na umri wa gari. Ukijumlisha kodi hizo na bei ya gari lenyewe, nauli ya meli na gharama za bandari, gari la viti saba la mwaka 2019 linatoka nje ya uwezo wetu.

Tumefunga mjadala huo. Tunatafuta gari lililokwisha kutumika Kenya.

Jumapili, yadi za Nyali

Tulimchukua mavyaa pamoja nasi, na naamini huo ndio uamuzi bora tuliofanya mpaka sasa. Tuliomba ruhusa ya kumketisha katika kila gari lililokuwa na viti saba, na yeye, kwa utaratibu wake, alijaribu kuingia, kukaa, kufunga mkanda na kutoka. Katika Wish, ambayo paa lake ni la chini na milango yake hufunguka kama ya gari dogo, alilazimika kuinamisha kichwa na kugeuza kiuno kwa wakati mmoja, akashika ukingo wa mlango na kukunja uso. Hakulalamika. Katika Toyota Sienta ya umbo la pili, lile lililoanza mwaka 2015, mlango wa pembeni uliteleza nyuma, sakafu ilikuwa chini, akaweka mguu, akaketi, na kusema, "Hili mwanangu, naingia mwenyewe."

Mume wangu hakusema neno pale, ila tulipotoka aliniambia kwamba Wish imeondoka akilini mwake kama chaguo la kwanza. Aliendelea kuiacha kwenye orodha kwa sababu ya bei, na ni haki yake.

Nimeandika hapa tofauti tulizoziona wenyewe. Wish ina injini ya 1800 au ya 2000, ina nguvu barabarani, na safu yake ya tatu hulala ndani ya sakafu ya buti, lakini safu hiyo ni ya watoto tu. Sienta ina injini ya 1500, milango ya kuteleza pande zote mbili, na viti vya nyuma kabisa hukunjwa na kuingizwa chini ya viti vya katikati, hivyo buti hubaki wazi. Watu saba wakikaa, mahali pa mizigo huwa padogo sana. Honda Freed nayo ni ya 1500 na ina milango ya kuteleza, ila viti vyake vya nyuma hukunjwa na kuning'inizwa pembeni, jambo linaloziba sehemu ya madirisha. Toyota Noah ndiyo kubwa na yenye raha kuliko zote, lakini injini yake ya 2000 inakula mafuta zaidi katika foleni, na upana na urefu wake hautufai kwa kichochoro chetu cha Kisauni. Corolla Fielder tuliipita tu, kwa kuwa ni ya watu watano.

Kuhusu mafuta ya petroli, sisi wa Mombasa tuna nafuu kidogo, maana bei ya juu inayotangazwa kila mwezi na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, huwa ya chini hapa kuliko Nairobi kwa sababu hatulipii usafirishaji wa bara. Nafuu hiyo si sababu ya kuchukua injini kubwa isiyohitajika.

Jumamosi, gereji ya Shimanzi

Leo tumetumia asubuhi nzima na fundi ambaye jamaa zetu wengi wamemwamini kwa miaka. Mume wangu alikuwa amepanga aulize kuhusu injini na giaboksi. Fundi alimsikiliza kwa heshima, akamwambia: "Mwalimu, injini nitakutafutia nyingine. Bodi sina pa kukutafutia." Kisha akatupeleka shimoni, chini ya gari la mteja mwingine, atuonyeshe.

Nataka kuyaandika haya kwa ukamilifu, kwa kuwa ushauri mwingi tunaousoma kuhusu magari yaliyotumika umeandikwa na watu wa bara, na kwetu pwani mpangilio wa mambo ni tofauti. Hewa yetu ina chumvi mwaka mzima. Gari linaloegeshwa karibu na ufuo, Nyali au Bamburi, hupigwa na upepo wa bahari usiku kucha, na gari linalovuka feri kila siku hupita kwenye njia ya kushukia inayolowa maji ya bahari. Chumvi hiyo hukaa mahali pasipofikiwa na mtu anayeosha gari kwa ndoo na kitambaa: ndani ya matao ya magurudumu, kwenye vizingiti vya milango, kwenye maungio ya chuma chini ya sakafu, kwenye mabomba ya breki, na kwenye vikombe vya juu vinavyoshikilia shoki. Hapo kutu huanza ndani na kutoka nje, na rangi ikianza kuvimba, chuma cha chini yake huwa kimekwisha kuliwa.

Alitufundisha kutofautisha kutu ya juu na kutu iliyokula. Kutu ya juu ni rangi ya kahawia kwenye ekzosi, kwenye nati, kwenye mikono ya chini ya magurudumu, ambavyo ni vyuma vinene. Karibu kila gari la pwani linayo, na husuguliwa na kupakwa dawa. Kutu iliyokula huacha chuma chenye magamba, na bisibisi ikikandamizwa kwa nguvu ya kawaida chuma hubonyea au hutoboka. Hiyo ikiwa kwenye chesi, kwenye vizingiti au kwenye vikombe vya shoki, gari haliendelei kujadiliwa, hata bei ikishuka namna gani, kwa sababu sehemu hizo ndizo zinazobeba watu wakati wa ajali. Alituonya pia kuhusu lami nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari siku chache kabla ya kuuzwa: dawa ya kuzuia kutu ni kitu kizuri, lakini mtu huipaka kwenye chuma safi, na anayeipaka juu ya magamba anaficha. Sumaku ndogo tuliyonunua itatusaidia pembeni mwa milango, kwa kuwa haishiki mahali palipojazwa fila, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi kabla ya kupaka rangi.

Kuna chanzo kingine cha kutu ambacho mimi ndiye niliyekitaja, kutokana na kazi yangu. Katika mikoa ya kaskazini ya Japani yenye theluji nyingi, kama Hokkaido, barabara humwagwa dawa za kuyeyusha barafu zenye chumvi wakati wa baridi, na gari lililotumika huko hufika bandari ya Kilindini likiwa tayari na kutu chini ingawa juu ni jipya. Karatasi ya mnada wa Japani, ikiwa mwenye gari bado anayo, huonyesha kasoro kwenye mchoro wa gari kwa herufi: S ni kutu, C ni chuma kilicholika, W ni mahali palipowahi kunyooshwa, na XX ni sehemu iliyobadilishwa, na gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa hupewa daraja la R au RA. Fundi hakuwa akiujua usomaji wa karatasi hiyo, nami sikuwa nikijua habari ya vikombe vya shoki, kwa hiyo tulinufaishana.

Mwisho akatuonyesha dalili za gari lililowahi kuzama. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2023 na mafuriko ya 2024 yaliharibu magari mengi nchini, na baadhi yalikaushwa na kurudishwa sokoni. Mkanda wa kiti uvutwe mpaka mwisho wake, kwa maana matope huacha mstari pale ambapo msafishaji hafiki, zulia liinuliwe, na skrubu za reli za viti zitazamwe, kwani hazina sababu ya kuota kutu ndani ya gari kavu.

Jumatatu jioni

Wish ya rangi ya fedha tuliyoiacha kwenye orodha Jumapili imefutwa. Rangi yake ni nzuri, injini yake haina sauti yoyote ya kutia shaka, lakini kizingiti cha mlango wa kushoto kimejazwa fila kwa urefu wa mkono, na kikombe kimoja cha shoki kina magamba. Mume wangu ndiye aliyelala chini na tochi, na yeye ndiye aliyesema tuondoke.

Alhamisi, kazi ya karatasi

Magari mawili yamebaki: Sienta ya mwaka 2016 inayouzwa na mwenyewe huko Tudor, na Freed iliyoko yadini. Leo nimeshughulika na hati zake tu.

Kwa kila gari nimefanya upekuzi wa kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ambao hutaja mmiliki aliyesajiliwa, namba ya chesi, namba ya injini, rangi na mwaka. Kisha nimelinganisha namba ya chesi ya kumbukumbu na ile iliyogongwa kwenye chuma cha gari, pamoja na ile ya kibati cha mtengenezaji, herufi kwa herufi. Kwa Sienta namba inaanza na NSP170, ambayo ni sahihi kwa Sienta ya petroli ya magurudumu mawili ya mbele. Ingeanza na NHP170, lingekuwa gari la haibridi, yaani la petroli na umeme, na maelezo ya muuzaji yasingekuwa ya kweli. Jambo hili dogo hupuuzwa na wanunuzi wengi, ilhali ndilo linaloonyesha haraka zaidi kama karatasi na gari ni ndugu mmoja.

Gari lililonunuliwa kwa mkopo huwa na jina la mkopeshaji pamoja na la mwenye gari kwenye logibuku, yaani hati ya umiliki, na halihamishiki mpaka mkopeshaji aridhie. Lakini kuna mikopo midogo ambapo gari huwekwa rehani bila jina kuonekana hapo, na kwa ajili hiyo ipo sajili ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2017, ambayo mtu yeyote anaweza kuipekua. Nimeipekua kwa magari yote mawili. Sienta ni safi. Freed inaonekana kuwa na dhamana ambayo haijaondolewa, na muuzaji anasema deni limelipwa na kilichobaki ni kuandikiwa barua. Inawezekana kabisa kwamba anasema kweli, ila nimemwandikia mume wangu kwamba tusitoe hata amana mpaka sajili ionyeshe hivyo.

Muuzaji wa Freed si mmiliki wala wakala mwenye barua, ni dalali. Sina neno baya juu ya madalali, kwani mji huu hauwezi kufanya biashara bila wao, lakini fedha zitaingia katika akaunti ya mtu ambaye jina lake limo katika logibuku, na yeye ndiye atakayeanzisha uhamisho kwa akaunti yake ya NTSA ili mume wangu authibitishe kwa yake.

Jumamosi: kilomita na mifuko ya hewa

Freed imeondoka pia, na sababu yake inastahili kuelezwa. Mita yake inasoma kilomita 68,000. Chini ya boneti, nyuma kabisa, fundi aliona kibandiko kidogo cha Kijapani cha kubadilisha mafuta ya injini, chenye mwaka wa 29 na kilomita 91,400. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme: enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo mwaka wake wa 29 ni 2017, na enzi ya sasa ya Reiwa ilianza Mei 2019. Gari hili lilikuwa limekwisha kupita kilomita elfu tisini huko Japani mwaka 2017, na haliwezi kuwa na 68,000 leo baada ya miaka kadhaa katika barabara zetu. Mita ilirudishwa nyuma, sijui na nani, na huenda hata aliye nalo sasa hajui. Bila kibandiko hicho tungeweza kuuliza nakala ya cheti cha Japani cha kuondolea gari usajili kwa ajili ya kulisafirisha, ambacho huonyesha kilomita za ukaguzi wa mwisho; mwingizaji makini huihifadhi.

Kwa Sienta mwenyewe alikuwa na nakala hiyo, na kilomita zake zinapanda kwa mpangilio unaoaminika mpaka 112,000 za leo. Kwa maoni yangu gari lenye kilomita 112,000 za kweli ni bora kuliko lenye 68,000 za kuandikwa, kwa sababu la kwanza unajua limefika wapi katika umri wake na ni huduma gani limedai. Mpira wa pedali umelika kiasi, usukani umeanza kung'aa upande wa juu, na vyote vinakubaliana na mita. Matairi yana namba nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, na mawili kati yake yameandikwa 1419, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2019. Yana kashata nzuri, yaani meno yake bado ni marefu, lakini mpira umeanza kupasuka pembeni, hivyo yatabadilishwa.

Jambo lililonishughulisha zaidi ni mifuko ya hewa ya usalama. Kampuni ya Takata ya Japani iliuza kwa watengenezaji wengi, wakiwemo Honda, Toyota, Nissan na Mazda, vitungi vya kujazia mifuko hiyo ambavyo baruti yake ilikuwa amoniamu naitreti. Baruti hiyo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu huharibika, na siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, kitungi kikapasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma. Watu walikufa katika nchi kadhaa kwa ajali ambazo zenyewe hazikuwa za kuua, mamilioni ya magari yakarudishwa kutengenezwa, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Tangu Mei 2018 Japani ilianza kukataa kuyapitisha kwenye ukaguzi magari yenye hatari kubwa ambayo hayakuwa yametengenezwa. Yale yaliyouzwa nje kabla ya hapo hayakuguswa na sheria hiyo.

Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Mombasa. Siku za kaskazi kama hizi, ndani ya gari lililofungwa madirisha kwenye foleni ya feri au uwanjani pa shule, dashibodi huwaka kiasi cha kutogusika. Ndiyo maana namwomba kila jamaa anayenunua gari la miaka ya 2000 mpaka katikati ya miaka ya 2010 aingize namba yake ya chesi katika ukurasa wa mtengenezaji wa Japani wa magari yaliyorudishwa. Ni bure na huchukua dakika chache. Nimefanya hivyo kwa Sienta na hakuna tengenezo linalosubiri. Taa ya mfuko wa hewa huwaka unapofungua swichi na kuzimika baada ya muda mfupi, kama inavyotakiwa. Isingewaka kabisa, tungeshuku kwamba imekatwa ili kuficha hitilafu.

Jumapili, barabarani

Tulimwomba mwenye Sienta atukubalie kuianza ikiwa baridi, kabla hajaiwasha mwenyewe, naye alikubali bila ugumu. Iliwaka mara moja na haikutoa moshi. Kabla ya hapo fundi alifungua rejeta na kutazama maji yake: yalikuwa dawa ya rejeta yenye rangi, si maji matupu. Hapa Mombasa maji ya visima mengi yana chumvi, na dereva anayejazia rejeta kwa maji ya kisima huila injini yake kutoka ndani; maji ya rangi ya kutu yangetufanya tufikirie upya.

Tulipita Daraja la Nyali, tukaenda mpaka Likoni na kupanga foleni ya feri saa sita mchana kwa makusudi, madirisha yamefungwa na kiyoyozi kikiwa juu. Katika barabara iliyo wazi kila kiyoyozi hupoza, kwa sababu upepo wa mbele husaidia. Kwenye foleni ndipo feni ya rejeta na kompresa hujulikana. Hewa ilibaki baridi mpaka safu ya nyuma, ambako watoto walikuwa wameketi, na kipimo cha joto hakikusogea. Mume wangu alisema kwamba hiyo ndiyo safari atakayoifanya siku zote za kazi, na kwamba kwake jaribio hilo lilitosha.

Kwangu halikutosha, kwa ajili ya giaboksi. Sienta hii hutumia giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za kuhesabika bali mkanda wa chuma unaobana kati ya kapi mbili, na afya yake hutegemea sana mafuta sahihi. Tukaipeleka mlima wa Mazeras ikiwa na watu sita. Tulisikiliza mluzi, mtetemo wakati wa kuanza kusogea, na ucheleweshaji wa kuingia D au R, ambazo ndizo dalili za CVT inayochoka. Ilipanda bila haraka lakini bila kusita. Injini ya 1500 yenye mzigo huo hunguruma, na mtu aliyezoea Wish ataiona nzito. Nimeyaandika ili mume wangu asije akasema hakuambiwa, naye amejibu kwamba haendeshi mashindano. Tuliporudi gereji, mashine ya kusoma kompyuta ya gari haikuonyesha hitilafu iliyohifadhiwa, na fundi akasema mafuta ya CVT yamegeuka rangi kidogo na yabadilishwe mara moja kwa mafuta halisi ya Toyota, wala si mafuta yoyote ya giaboksi.

Shimoni, kutu ipo kwenye ekzosi na kwenye nati za mikono ya chini. Vizingiti ni safi, vikombe vya shoki ni safi, mabomba ya breki yana vumbi tu. Bushi mbili za mbele zimechoka na shoki moja ya nyuma inavuja.

Jumanne

Mume wangu ameamua kuinunua. Aliketi peke yake na kurasa hizi jana usiku, kisha akanitafuta jikoni na kuniambia, "Mama watoto, nimeridhika. Twende nalo." Nilimwuliza kama ameridhika na nguvu ya injini na udogo wa buti, akasema safari za Msambweni zitakuwa na kishikio cha mizigo juu ya paa.

Tulipeleka kwa mwenye gari orodha ya matairi mawili, bushi, shoki na mafuta ya CVT, ikiwa na bei za dukani, na kuzungumza juu ya hizo tu bila kulishusha hadhi gari lake. Alipunguza karibu gharama yote hiyo. Makubaliano yameandikwa, yakiwa na nakala za vitambulisho na PIN za KRA za pande zote mbili, malipo yamepitia benki kwa jina lililo katika logibuku, na uhamisho umekwisha kuanzishwa na kuthibitishwa. Ile akiba ya laki mbili haijaguswa.

Bima ya mtu wa tatu ndiyo inayolazimishwa na sheria, lakini tumechukua bima kamili, na kwa ajili yake gari limepelekwa kwa mthamini ili thamani iandikwe na mtu asiye na upande. Mikanda ya viti vyote saba imejaribiwa mmoja mmoja, na kiti cha mtoto wetu mdogo kimefungwa kwenye pete za ISOFIX za safu ya katikati.

Yaliyobaki ni haya. Matairi na mafuta ya CVT ni ya wiki hii. Maji matamu ya mpira, yenye nguvu, yatapigwa chini ya gari kila mwisho wa wiki, hasa kwa kuwa feri ni njia yake ya kila siku, na mume wangu ameichukua kazi hiyo yeye mwenyewe pamoja na kijana wetu mkubwa. Dawa ya kuzuia kutu itapakwa juu ya chuma kikiwa bado kisafi, kabla ya mvua za masika na upepo wa kusi. Fundi ametupa nafasi wiki ijayo, na gari litalala kwake usiku mmoja likauke.